Kielezi na Chagizo: Neno na Kazi Yake katika Sentensi ya Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili akitakiwa kubainisha vielezi katika kifungu, aghalabu huyasaka maneno aliyoyakariri tangu shule ya msingi: jana, sana, polepole, nyumbani. Orodha hiyo humfaa hadi anapokumbana na sentensi kama *Nyumbani mwake mna wageni*. Hapa, *nyumbani* halielezi kitendo chochote. Ndilo kiima, na ndilo linaloleta upatanisho wa m- katika *mwake* na *mna*. Katika *Amelala nyumbani*, neno lilo hilo ni chagizo. Vivyo hivyo, *leo* ni chagizo katika *Wataondoka leo*, ilhali ni kiima katika *Leo ni sikukuu*.

Kwa hivyo, istilahi hizi mbili hazipaswi kuchanganywa, ingawa huchanganywa mara nyingi hata katika vitabu vya kiada. Kielezi ni aina ya neno. Chagizo ni kazi inayotendwa ndani ya sentensi. Maneno yaliyozaliwa yakiwa vielezi ni machache mno (*mno* likiwa mojawapo). Mengine huundwa: *kiungwana* kutokana na nomino, *vizuri* kutokana na kivumishi, *kwa kisu* kwa kutumia kihusishi.

Kazi ya chagizo hutendwa pia na kishazi tegemezi, na hapa ndipo penye utajiri na utata. Chukua mofimu -po-. Sentensi *Mtoto alisimama aliposimama babake* ina maana mbili: aliinuka wakati ule ule babake alipoinuka, au alisimama mahali pale pale. Msemaji huondoa utata kwa kutanguliza *wakati* au *pale*. Aidha, si kila kishazi chenye -po- ni chagizo. Katika *Aliposimama pana matope*, kishazi kizima ni kiima, na *pana* ni ushahidi wa upatanisho huo.

Mofimu -po- na -ki- nazo hukaribiana bila kulingana. *Mgeni akifika, mpe chai* huacha uwezekano kwamba huenda asifike. *Mgeni atakapofika, mpe chai* huchukulia kuwa kufika kwake kunatarajiwa. Kinachosubiriwa ni saa tu. *Mgeni afikapo, mpe chai* huelekea kwenye mazoea. Ajabu ni kwamba tofauti hii hufifia katika ukanushi: *asipofika* ina -po-, lakini maana yake ni ya sharti, na ndiyo inayosimama kinyume cha *akifika*.

Vishazi vya kusudi vyenye *ili* na vya kukiri kinyume vyenye *ingawa* au *ijapokuwa* havina matata mengi. Vya sababu, hata hivyo, vinahitaji uangalifu vinapofuata kitenzi kilichokanushwa. Katika *Juma hakuondoka kwa sababu mkewe alimkemea*, huenda Juma alibaki, na kemeo ndilo lililomzuia. Huenda pia aliondoka, ila sababu ni nyingine kabisa. Ukanushi waweza kuishia kwenye kitenzi au kukikumba kishazi chote kinachofuata. Kishazi kikitangulizwa, utata huyeyuka: *Kwa sababu mkewe alimkemea, Juma hakuondoka*. Anayetaka maana ile ya pili hana budi kusema *Juma aliondoka, lakini si kwa sababu mkewe alimkemea*.