Tujifunze: Jalada la Jarida la Shule

Kamati kadhaa za parokia zimetuomba msaada wa kutengeneza jarida la shule. Tunaanza na jalada, kwa sababu ndipo sisi wenyewe tulipokosea.

Jalada letu la kwanza lilikuwa na picha ya mwanafunzi anayefadhiliwa, akiwa peku, na chini yake tuliandika "yatima". Wafadhili waliguswa. Mtoto alitaniwa na wenzake hadi akakataa kwenda shule wiki nzima. Hatukuwa tumemwuliza yeye wala mlezi wake. Tangu hapo wote wawili huiona picha pamoja na maneno yake kabla haijapelekwa kwa mchapaji. Wakikataa tunaiacha, hata iwe nzuri namna gani.

Mengine ni ya ufundi. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Picha inayojaza ukurasa izidi milimita 3 kila upande, ili mashine ya kukatia isiache ukingo mweupe. Uchapaji mzuri huhitaji nukta 300 kwa kila inchi, yaani picha ya pikseli karibu 2480 kwa 3508. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp mara nyingi hupunguzwa. Ombeni ile ya awali. Picha moja yatosha, ingawa kila kamati hutaka sita. Jina la jarida lisomeke kutoka nyuma ya darasa: libandikeni ubaoni mjaribu.

Toleo lililofuata wanafunzi walichagua wenyewe picha: bustani yao ya mchicha, na mikono inayomwagilia. Yule mtoto aliomba kushika ndoo.