Mtoto Akila Ufuta Akavimba

Kijitabu cha nyumbani kwa wazazi, bibi, dada wa kazi na yeyote anayemlisha mtoto

Unguja na Pemba huoka mkate wa ufuta: unga ulioumuka kwa tui la nazi hutandazwa kwenye kikaango kwa mkono uliolowa, ufuta hunyunyizwa juu, kisha kikaango hugeuzwa kuelekea moto. Lindi na Mtwara ufuta ni zao la biashara, na kashata zake hazikosekani mtaani. Kaskazini mwa Uganda huusaga pamoja na karanga ukawa odi, wakaungia mboga ya malakwang. Kwa watoto walio wengi hiki ni chakula kizuri chenye mafuta, protini na madini ya chuma. Kwa wachache, kinga ya mwili huiona protini ya ufuta kuwa adui na kuanza kupigana nayo. Huo ndio mzio, au aleji kama wengi tunavyouita.

Hatuwaambii muache ufuta. Tunataka aliye karibu na mtoto ajue anachokiona, na achukue hatua upesi.

Angalia saa

Dalili nyingi hutokea ndani ya dakika chache, na kwa kawaida hazivuki saa mbili tangu mtoto ale. Kwa hiyo uliza kwanza: amekula nini, na saa ngapi? Aliyekula kashata jana mchana akaamka leo na upele, huenda ana jambo jingine. Ipo pia aina ya mzio inayochelewa, hasa kwa watoto wachanga: hutapika mfululizo saa moja hadi nne baada ya kula, wakapauka na kulegea, bila upele wowote. Huyo naye ni wa kukimbizwa hospitali.

Tazama, kisha gusa

Maelezo mengi ya mzio husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na mzazi anayeungoja atachelewa. Mvue mtoto nguo, msogeze penye mwanga, kisha pitisha kiganja mgongoni, tumboni na mapajani. Utahisi mabaka yaliyotuna, kama aliyeumwa na mbu mahali pengi kwa mpigo. Yanawasha, na yanahama: hapa yanafutika, pale yanaibuka. Tazama pia midomo, kope na masikio kama yamevimba.

Mtoto asiyejua kusema huonyesha kwa vitendo. Anausugua ulimi kwa vidole, anajikuna shingo, anakataa tonge alilokuwa akiling'ang'ania, analia ghafla au ananyamaza kuliko kawaida yake. Mkubwa kidogo atasema mdomo unamchoma, au koo limembana. Msimwambie anadeka.

Tumbo nalo husema: msokoto, kutapika, kuhara.

Hatari kubwa iko kifuani, kooni na kwenye mzunguko wa damu. Dalili zake ni kikohozi kinachoanza ghafla na kisichokatika, mluzi anapotoa pumzi, sauti inayokwaruza, mate yanayomtoka kwa kushindwa kumeza, mbavu zinazozama kila anapovuta hewa, kulegea au kuzirai. Mfunue mdomo wa chini kwa ndani: ukiwa kijivu au bluu, hewa haimtoshi. Moja tu kati ya dalili hizi baada ya kula ni dharura. Mabaka yakija pamoja na kutapika, hiyo nayo ihesabuni dharura. Wala msingoje upele, kwa sababu kuna watoto ambao pumzi huwabana bila ngozi kuonyesha kitu.

Mtoto akilegea ghafla, wapo watakaosema ni degedege, na wapo watakaosema ni kijicho. Hatuna ugomvi na dua; iombwe mkiwa njiani. Mzio wenyewe kwa kawaida hauleti homa, hivyo mwili usio na joto na chakula kilicholiwa muda mfupi uliopita viwaelekeze kwenye mzio.

Dawa ni adrenalini

Adrenalini hudungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na hurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15 kama hali haijatulia. Nendeni zahanati ya jirani leo, mtoto akiwa mzima, muulize kama ipo na kama usiku kuna mtu wa kuidunga. Kama daktari amewapa kalamu ya kudungia adrenalini, tumieni mara moja, kisha safari ianze.

Dawa za kuwashwa kama cetirizine au piriton hupunguza mwasho tu. Hazifungui koo wala hazipandishi presha iliyoshuka. Maziwa, mkaa, au kumtapisha kwa kidole huongeza hatari ya kupaliwa.

Mlazeni, miguu ikiwa juu kidogo. Akishindwa kupumua, akae ameegemea kifua cha mtu mzima. Asisimame wala kutembea, hata akisema amepata nafuu, maana presha inaweza kuporomoka ghafla. Ndiyo maana gari au bajaji ni bora kuliko bodaboda; ila bodaboda ikiwa ndiyo pekee iliyopo, msikae kungoja gari. Hospitalini abaki saa kadhaa, kwa kuwa dalili huweza kurudi baada ya kutulia.

Ufuta uliojificha

Mbegu nzima zinaweza kupita tumboni bila kusagika. Hivyo mtoto aliyekula mkate wenye mbegu chache bila shida huenda akadhurika kwa tahini, humusi au halua ya tahini, ambamo ufuta umesagwa. Zaatari, mchanganyiko wa viungo unaoletwa na jamaa kutoka Omani, nayo huweza kuwa na ufuta. Mafuta ya ufuta ya kukamua yana protini ndani yake. Kikaango na kisu huhamisha ufuta hadi chakula kingine.

Kwenye pakiti tafuteni maneno sesame, tahini, til, gingelly au simsim. Mwaka 2016 Natasha Ednan-Laperouse, msichana wa miaka 15, alifariki baada ya kula mkate alioununua katika uwanja wa ndege London. Ufuta ulikuwa ndani ya unga na lebo haikuutaja. Sheria ya lebo yenye jina lake ilianza Uingereza Oktoba 2021. Marekani, ufuta ni lazima utajwe kwenye lebo tangu Januari 1, 2023. Mkate wa mtaani kwetu hauna lebo, kwa hiyo muulizeni muokaji.

Baada ya hapo

Msimjaribu tena nyumbani ili kuhakikisha. Andikeni alichokula, saa, na dalili zilivyofuatana. Pigeni picha za ngozi kwa simu. Vipimo vya damu na vya ngozi vinaweza kukosea kwa ufuta, na daktari mzuri atayategemea maelezo yenu. Kati ya watoto 10, wawili au watatu huachwa na mzio huu wanapokua, lakini hilo huthibitishwa hospitalini. Mwalimu wa chekechea na wa madrasa wajulishwe kwa maandishi.

Wadogo zake wasinyimwe ufuta kwa woga. Kuanzia miezi sita, ufuta uliosagwa laini huweza kuchanganywa kwenye uji. Mwenye ukurutu mkali, mwulizeni mhudumu wa afya kwanza. Anzeni asubuhi, kwa ncha ya kijiko, siku ambayo mna nafasi ya kukaa naye saa mbili.