Mfanyabiashara Anaposhika Dola

Watu wengi wa miji yetu hudhani kwamba kampuni ni duka kubwa tu: yauza, yanunua, na mambo ya utawala hayaihusu. Katika darsa yetu tulilizungumza jambo hili, tukaona kuwa sisi watu wa mwambao ndio tusiopasa kudhani hivyo, kwani tulipata kutawaliwa na kampuni.

Mwaka 1887 Sayyid Barghash aliwakabidhi wafanyabiashara wa Kiingereza, mkubwa wao William Mackinnon, utawala wa pwani yake toka Umba hadi Kipini kwa miaka 50. Mwaka uliofuata Malkia wa Uingereza akawapa hati, ikawa Imperial British East Africa Company. Kampuni hiyo ikatoza ushuru wa forodha, ikapiga sarafu yenye jina la Mombasa, ikaajiri askari. Ni dola gani basi isiyokuwa na hayo matatu?

Miongoni mwa askari hao walikuwamo Wasudani ambao mtumishi wa Kampuni, Lugard, aliwachukua mwaka 1891 katika mabaki ya jeshi la Emin Pasha. Hao ni katika asili ya ndugu zetu Wanubi wa Kibera. Kampuni iliposhindwa, mwaka 1895 Serikali ya Uingereza ikaichukua nchi na askari pamoja. Kampuni ikalipwa pauni 250,000, na katika hizo 200,000 zilitoka katika mali ya Unguja. (Yaani mwenye nyumba alimlipa mpangaji atoke, na nyumba asirudishiwe!)

Ama askari, walikalishwa Kibera, ardhi iliyotangazwa mwaka 1918 kuwa ya jeshi, kiasi cha ekari 4,197. Hati hawakupewa. Hati ya jamii ilipatikana mwaka 2017, nayo ni ya ekari 288. Mwenye hisa hakungoja. Kizazi cha aliyebeba bunduki kilingoja miaka 122.

Huenda mtu akasema hayo ni ya wakoloni. Natwende Kawangware, ambako muuza mboga hupokea thamani ya sukuma wiki kwa simu, kwa M-Pesa iliyoanza mwaka 2007. Faida yake hatuikanushi. Lakini Serikali ilipouza asilimia 25 ya hisa za Safaricom mwaka 2008, ilibaki na asilimia 35. Ikawa mshika mizani na mshirika wa duka kwa pamoja. Ibn Khaldun, katika Muqaddima, ameweka mlango mzima juu ya madhara ya mtawala kuingia katika biashara: raia hawawezi kushindana naye, na kodi yenyewe hupungua. Yeye alimkusudia mtawala anunuaye na kuuza mwenyewe, si mwenye hisa. Kwa hivyo tusilinganishe kwa pupa. Hata hivyo, muuza mboga akilalamikia ada, atashitaki kwa nani asiyekuwa na fungu katika ada hiyo?