Mtoto anayetumia dawa za saratani: homa isingoje asubuhi

Mwezi huu tunaeleza jambo ambalo kila mzazi mwenye mtoto mgonjwa wa saratani apaswa kulijua.

Chembechembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Hutengenezwa katika uboho, ndani ya mifupa. Dawa za saratani huua chembe zinazoongezeka upesi, na chembe changa za uboho ni za namna hiyo pia. Hivyo dawa ikipigana na saratani, askari nao hupungua. Mara nyingi hupungua zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, kisha hupanda tena. Siku hizo mtoto aweza kuwa anacheza, kumbe kinga yake ni ndogo mno.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Mtoto akipata joto, twasema ni malaria, twampa vidonge na kungoja kupambazuke. Huenda malaria ipo, na hospitalini wataipima. Lakini bakteria wakiingia katika damu ya mtoto huyu, waweza kumwua kwa saa chache. Tusitafute usaha wala uvimbe: usaha hutokana na chembechembe nyeupe, nazo ni haba. Homa yaweza kuwa dalili pekee.

Tufanye nini?

1. Tuwe na kipimajoto. Tupime kwapani au mdomoni, kamwe si kwa njia ya haja kubwa.

2. Joto likifika 38, au mtoto akitetemeka au kulegea, apelekwe hospitali saa ileile, hata usiku wa manane. Tuseme tangu mlangoni: "Anatumia dawa za saratani." Nauli ya safari hiyo iwekwe kando mapema.

3. Tusimpe dawa ya kushusha homa kabla hajaonwa na daktari, maana huificha. Aspirini asipewe kabisa.

4. Tunawe mikono kwa sabuni, tuchemshe maji, nyama na mayai viive sawasawa.

5. Wenye mafua, surua au tetekuwanga wasimkaribie. Wanajumuiya wanaokuja kumwombea wawe wachache, au wasali uani.

Askari kupungua si alama kwamba dawa imeshindwa. Daktari aweza kuahirisha dozi hadi damu ipande. Saratani ya taya, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, huponywa kwa dawa hizi kwa watoto wengi. Basi tusiache matibabu kwa hofu. Tukeshe na kipimajoto.