Dondoo muhimu: Kamera ya kwanza kwa bajeti ndogo

Usimalizie pesa zote kwenye bodi. Lenzi ndiyo inayobeba picha. Canon 200D ya mwaka 2017, hata iliyotumika, inatosha kabisa kuanzia: kioo chake kinageuka ukajiona unapojirekodi, na ina tundu la maiki. Sony a6000 hupiga picha safi sana ila tundu hilo haina, kwa hiyo mtu wa video aiache. Ongeza lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8; ukumbini kwenye mwanga hafifu utaishukuru.

Kabla ya kulipia kamera iliyotumika, weka f/16, piga picha ukuta mweupe, kisha ikuze: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa. Rekodi video dakika 10 papo hapo. Muuzaji akikataa, ondoka.