SIKIO LIKIZIBA GHAFULA, USINGOJE

Mtu hulala mzima, akaamka sikio moja halisikii. Pengine linavuma, na kichwa kinazunguka. Wengi wetu hapa Dandora, Kayole na Umoja husema, "Ni nta tu, itatoka." Yaweza kuwa nta kweli. Lakini yaweza kuwa mshipa wa fahamu wa sikio umedhurika, na hapo kila siku ina maana. Fundi wa Kamukunji naye asisingizie nyundo: kelele za kazi kwa kawaida huharibu masikio yote mawili, tena polepole.

Jaribu hivi: funga mdomo, guna "mmm". Sauti ikivuma zaidi kwenye sikio lililoziba, huenda ni nta. Ikienda kwenye sikio zima, huenda ni mshipa. Vyovyote iwavyo, hili halichukui nafasi ya daktari.

La kufanya:

1. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sema wazi, "Sikio limeacha kusikia ghafula."
2. Usitie mafuta wala njiti ya kiberiti.
3. Taja dawa zote ulizotumia. Sindano ya gentamisini, kwa mfano, huweza kudhuru masikio.

Ikiwa ni mshipa, daktari huweza kutoa vidonge vya steroidi. Hufaa zaidi vikianzwa ndani ya wiki 2. Si wote hupona. Usijinunulie: hupandisha sukari na presha.

Tujadili: Je, mfuko wa chama chetu waweza kumkopesha mgonjwa nauli siku hiyo hiyo? Nani atamsindikiza?