Mwanakikundi Akikamatwa Njiani



Serikali za Ulaya na Marekani zina desturi ya kuwaandikia raia wao maonyo kabla hawajapanda ndege kuja Kenya. Wanaambiwa wasisafiri usiku ovyo, wabebe nakala ya pasipoti, wawe na namba ya simu ya ubalozi wao. Tena wanaambiwa wakishikwa na polisi waombe ubalozi uarifiwe. Hilo la mwisho si kubembeleza, ni haki iliyo katika mkataba wa mataifa uliowekwa Vienna mwaka 1963. Mgeni akiwekwa seli, kuna mtu ofisini Nairobi ambaye kazi yake ni kuuliza yuko wapi na ana hali gani.

Sasa tujiangalie sisi. Mama anayetoka Kianjokoma saa nane za usiku juu ya lori la avokado kwenda soko la Nairobi hana ubalozi. Kijana wa bodaboda anayerudi nyumbani gizani hana ubalozi. Akishikwa njiani, nani anajua? Na nani atauliza usiku huohuo, si kesho kutwa?

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Jumapili usiku, tarehe 1 Agosti 2021, ndugu wawili wa hapa kwetu walikuwa wakirudi nyumbani kutoka sokoni Kianjokoma, walikokuwa na biashara yao. Mmoja alikuwa na miaka 22, mwingine 19, wote wanafunzi wa vyuo. Wakati ule kulikuwa na kafyu ya korona, kuanzia saa nne za usiku hadi saa kumi alfajiri. Polisi waliwashika kwa sababu ya kafyu, wakawapandisha gari. Wazazi waliwatafuta, na siku mbili baadaye miili yao ikapatikana katika chumba cha maiti cha hospitali kuu ya Embu. Polisi walisema vijana waliruka kutoka gari likiwa mwendoni. Daktari wa serikali aliyepasua miili alikuta majeraha ya kichwa na ya mbavu. Watu waliandamana kwa hasira, na katika maandamano hayo mtu mwingine akapigwa risasi akafa. Mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, ilichunguza, na mkurugenzi wa mashtaka ya umma akaamuru polisi sita washtakiwe kwa mauaji. Walikana mashtaka. Nani ana hatia ni kazi ya korti kusema, si ya somo hili.

Lakini kuna jambo tunaloweza kulisema bila kungoja korti. Kosa la kafyu lilikuwa kosa dogo, la faini au kifungo kifupi. Hakuna kosa la namna hiyo ambalo mzazi anapaswa kulifuata hadi chumba cha maiti. Na tukiangalia vizuri tutaona hatari ilikuwa katika muda ule wa kati: toka mtu anapopandishwa gari hadi jina lake linapoandikwa katika kitabu cha matukio pale kaunta, kile tunachokiita OB. Kabla ya kuandikwa, mtu huyo ni kama hayuko popote. Akishaandikwa, kuna saa, kuna kosa, kuna askari aliyemleta, na kituo hakiwezi kusema hakimjui. Kikundi kina kazi ya kufupisha muda huo.

Nitawapa mfano niliouona mwenyewe, katika kituo ambacho sitakitaja. Mama mmoja wa kikundi cha akiba alisikia kijana wake ameshikwa sokoni katika msako wa pombe haramu. Zamani angelala akilia, asubuhi auze kuku aende na pesa. Lakini alimpigia mwekahazina, mwekahazina akamwita mwenyekiti, tukaenda kituoni watu wanne, saa tano za usiku, tukiwa na daftari la kikundi. Hatukupiga kelele. Mwenyekiti alisalimia, akasema, "Afande, tumekuja kwa ajili ya kijana wetu. Tunaomba namba ya OB tuandike." Askari akatafuta katika kitabu, jina halikuwepo. Akatuangalia, akaliangalia daftari, akaandika jina palepale. Asubuhi kijana alitoka kwa bondi ya polisi, na hakuna kuku aliyeuzwa.

Hapo wengi huuliza, bondi ni pesa ngapi? Bondi ya polisi haina malipo hata shilingi moja. Ni ahadi ya maandishi kwamba utafika kortini au kituoni siku uliyoambiwa. Mkidaiwa dhamana ya pesa taslimu, basi lazima itolewe risiti ya serikali. Pesa isiyo na risiti ni kitu kidogo, tusiipambe kwa jina lingine.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuambiwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Anaweza kunyamaza. Anaweza kuwasiliana na wakili na watu wengine anaohitaji msaada wao, kwa hivyo kikundi kikifika kaunta hakijaenda kuomba fadhila. Apelekwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Hapa kuna jambo watu hawalijui: saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, anaweza kuwekwa hadi siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana kamata kamata ya Ijumaa jioni inaogopwa kuliko ya Jumatatu. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, tena kwa heshima. Wanawake wawekwe mbali na wanaume, na watoto mbali na watu wazima.

Sheria ya polisi ya mwaka 2011 inataka askari aliyevaa sare awe na jina au namba yake mahali panapoonekana. Isome kimoyomoyo, usimnyooshee kidole. Mkiona mtu anapandishwa gari, someni namba ya gari na mwangalie saa. Yule anayekamatwa naye asikimbie wala asivutane na mtu mwenye bunduki gizani. Ataje jina lake na kijiji chake kwa sauti, ili walio karibu wasikie. Haki zake atazidai pale kaunta penye taa na kitabu.

Kituo kikisema hakimjui, ulizeni vituo vya jirani usiku huohuo, kisha mjulisheni chifu na Kamati ya Haki na Amani ya parokia. Siku zikipita bila habari, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba polisi waamriwe kumleta mtu huyo mbele ya jaji. Haki hiyo Katiba hairuhusu ipunguzwe hata kidogo.

Akitoka na majeraha, hospitali kwanza, maneno baadaye. Apigwe picha siku hiyohiyo. Nguo zenye damu zisifuliwe, ziwekwe katika mfuko wa karatasi. Achukue fomu ya P3 kituoni, ambayo haiuzwi, daktari aijaze. Malalamiko yapelekwe IPOA, simu 1559 bila malipo, au katika ofisi zao za Meru na Nyeri. Mtu akifa au akiumizwa vibaya mikononi mwa polisi, sheria inaitaka IPOA ichunguze.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Ni nani kati yetu husafiri usiku, na ni nani nyumbani anayejua njia anayopita na simu ya dereva? Tukipata habari saa sita za usiku kwamba mwenzetu ameshikwa, ni watu gani watatu wataondoka, na kwa gari la nani? Je, mfuko wa dharura unaweza kulipa nauli yao? Andikeni majina hayo leo katika ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na simu ya kituo cha polisi kilicho karibu, kabla ya kuanza kukusanya mchango.